Mbwa mwitu, mwana au mkate: uanze na nomino ipi ya Kislavoni mame?

Ukinipa jioni moja ya kumfundisha mtu Kislavoni mame, sitampa maneno ishirini. Nitampa nomino moja, asili yake na miisho yake yote, mpaka aizoee kama njia ya kwenda kwao. Kazi ni kuichagua. Nimekuwa nikizipima tatu: *vьlkъ "mbwa mwitu", *synъ "mwana wa kiume" na *xlěbъ "mkate". Zote ni za jinsia ya kiume na zote zinaishia kwa herufi ileile. Mtu asiyezizoea ataziona mapacha. Kumbe kila moja ina ukoo wake, na kila moja inafundisha somo ambalo nyingine mbili haziliwezi.

Kislavoni mame ndiyo lugha iliyozaa Kirusi, Kiukraine, Kipolandi, Kicheki, Kiserbia, Kibulgaria na ndugu zao. Waliokuwa wakiizungumza hawakuiandika. Maandishi ya Kislavoni yalianza na kazi ya Cyril na Methodius, ndugu wawili wamisionari waliokwenda Moravia, katika eneo la Ucheki ya leo, mwaka 863, na hati kongwe zilizotufikia ni za karne ya 10 na ya 11, wakati lugha ilikwishaanza kugawanyika. Kwa hiyo kila neno la lugha mame limepatikana kwa kulinganisha watoto wake, kama wanaisimu wetu wanavyoweka pamoja mwana ya Kiswahili, omwana ya Kiluganda na umwana ya Kinyarwanda, kisha wakarudi nyuma hadi kwenye mzizi mmoja. Kinyota kinachotangulia neno ni ungamo: hatujalikuta limeandikwa, tumelifikia kwa hoja.

Herufi chache zinahitaji maelezo. ъ na ь zinaitwa jeri, nazo ni irabu fupi mno: ya kwanza karibu na u, ya pili karibu na i. ě ni irabu iliyokuwa ndefu, ya upande wa e. x ni kh ya kooni, kama Mswahili anayejua Kiarabu anavyoitamka Khamis. č ni ch, c ni ts, na y ni i inayotamkwa nyuma ya kinywa. Basi, tuziweke nomino zetu pamoja. Kislavoni mame kilikuwa na maumbo saba ya nomino kwa umoja, kila umbo na kazi yake katika sentensi, na mengine kwa uwili (vitu viwili) na kwa wingi. Nimeacha uwili wote na nusu ya wingi, maana hapa tunachagua, hatuandiki sarufi.

| Kazi | mbwa mwitu | mwana | mkate |
|---|---|---|---|
| kiima | *vьlkъ | *synъ | *xlěbъ |
| mmiliki | *vьlka | *synu | *xlěba |
| mpokeaji | *vьlku | *synovi | *xlěbu |
| yambwa (anayefanyiwa) | *vьlkъ | *synъ | *xlěbъ |
| wito | *vьlče | *synu | *xlěbe |
| mahali | *vьlcě | *synu | *xlěbě |
| ala (kinachotumika kutenda) | *vьlkomь | *synъmь | *xlěbomь |
| kiima, wingi | *vьlci | *synove | *xlěbi |
| mmiliki, wingi | *vьlkъ | *synovъ | *xlěbъ |
| yambwa, wingi | *vьlky | *syny | *xlěby |

(Mstari wa ala una utata kidogo: lahaja za kaskazini zinaonyesha -ъmь hata kwa mbwa mwitu na mkate. Ukikuta kitabu kimeandika hivyo, usidhani kimekosea.)

Tazama safu ya kwanza na ya tatu. Miisho ni ileile: -a, -u, -e, -ě, -i, -y. Mbwa mwitu na mkate ni wa kundi moja, lile ambalo wanaisimu huliita la mashina ya -o. Mwana yuko peke yake, katika kundi la mashina ya -u. Tofauti kati ya mbwa mwitu na mkate haiko kwenye miisho, iko kabla ya miisho: mkate haubadiliki, xlěb- mwanzo hadi mwisho, ilhali mbwa mwitu anageuka mara vьlk-, mara vьlč-, mara vьlc-.

Tuanze na mbwa mwitu. Asili yake haina shaka. Kilithuania kinasema vilkas, Kisanskriti vṛka-, Kigothi wulfs, Kigiriki lykos, na nyuma yao wote lipo neno la Kihindi-Ulaya mame, lugha iliyozaa zote hizo, lenye maana hiyohiyo. Kilatini lupus nacho ni ndugu, ingawa sauti zake zinaonyesha kwamba kilipitia kwa majirani kabla ya kufika Roma. Neno limesafiri miaka elfu kadhaa bila kubadili maana, jambo lisilo la kawaida. Katika lugha za leo utalikuta kama volk ya Kirusi, vovk ya Kiukraine, wilk ya Kipolandi, vlk ya Kicheki isiyo na irabu hata moja, na vuk ya Kiserbia. Hiyo ya mwisho ni jina la mtu pia. Vuk Karadžić, aliyezaliwa 1787 na kufa 1864, mrekebishaji mkubwa wa tahajia ya Kiserbia, alieleza kwamba aliitwa Mbwa Mwitu kwa sababu wazazi wake walikuwa wamefiwa na watoto, na iliaminika wachawi hawathubutu kumla mbwa mwitu. Msomaji aliyekulia mahali ambapo mtoto hupewa jina la kutisha au la kudharaulika ili kifo kimpite hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Lakini faida kubwa ya *vьlkъ kwa mwanafunzi ni hiyo k inayogeuka. Na hapa msemaji wa Kiswahili ana mtaji ambao wanafunzi wengi wa Ulaya hawana. Sisi tunasema pika, lakini anayepika ni mpishi. Tunasema cheka, lakini mwenye tabia hiyo ni mcheshi. Linda inatoa mlinzi, fuata inatoa mfuasi. Hakuna mtoto anayefundishwa kanuni hiyo, ila kila mmoja anaitumia: i ya mwisho imeivuta konsonanti iliyoitangulia mpaka ikabadilika. Waslavi walifanya jambo la aina hiyo, tena kwa awamu mbili zilizopishana kwa muda mrefu. Awamu ya kwanza, k ilipokutana na e au i ya asili ikawa č, ndiyo maana ukimwita mbwa mwitu unasema *vьlče. Baadaye irabu pacha ai ikabanwa ikawa ě, na mwishoni mwa baadhi ya maneno ikawa i. Irabu hizo mpya za mbele, yaani za upande wa e na i, zikaikuta k nyingine na kuigeuza kuwa c: *vьlcě kwenye mahali, *vьlci kwenye wingi. Neno moja, k moja, na tabaka mbili za historia zimelala ndani yake kama tabaka za udongo.

Nakiri napenda sana safu hii. Hata hivyo ina mtego. Barua zilizoandikwa kwenye magome ya miti huko Novgorod, mji wa kale wa Urusi, ambazo zilianza kufukuliwa mwaka 1951, zinaonyesha kwamba watu wa huko hawakuipitia awamu ya pili: penye c ya wengine, wao waliandika k, kwa mfano kělъ mahali pa cělъ "zima". Maana yake, umbo *vьlci tunalolipa kinyota ni la wakati ambao lugha haikuwa moja tena kabisa. Mwanafunzi mpya hukwama hapo. Anauliza, na ana haki ya kuuliza, kama kinyota kinawakilisha lugha ya mwaka gani na kijiji gani. Mwalimu mwenye subira atamjibu vizuri, lakini jioni yake imekwisha.

Mkate hauna usumbufu huo. b haiguswi na irabu za mbele kwa namna ya k, kwa hiyo ukishajua xlěb- umebakiwa na kuongeza miisho tu. Kwa mtu ambaye hajawahi kuona lugha yenye maumbo saba ya nomino, huo ni mlango mpana. Nimewahi kuona mtu akiishika safu nzima ya *xlěbъ kwa robo saa akiwa na kipande cha karatasi na kalamu, na baada ya hapo hakuogopa tena jedwali lolote.

Utamu wake, lakini, uko kwenye asili. Weka nomino zetu tatu mbele ya Kilithuania, ambacho ndicho jirani wa karibu kabisa wa ukoo huu. Mbwa mwitu ni vilkas, inalingana. Mwana ni sūnus, inalingana. Mkate ni duona, na hapo kamba inakatika. Neno ambalo ni la kila siku, la kila nyumba, halionekani kama neno la urithi kwa ndugu wa karibu. Sasa geukia Kigothi, lugha ya Kijerumaniki (ukoo wa Kijerumani na Kiingereza) ambayo Wulfila aliitafsiria Biblia katika karne ya 4: hlaifs. Rudi nyuma hadi Kijerumaniki mame na unapata *hlaibaz. h ya wakati huo ilitamkwa kwa nguvu kooni, kama kh. Ondoa mwisho wa kigeni, weka mwisho wa kienyeji, subiri ai ibanwe iwe ě, na una *xlěbъ mkononi.

Kuna dalili nyingine ya ukopaji, nayo ni x ya mwanzo. Katika maneno ya urithi, x ya Kislavoni ilitokana zaidi na s iliyofuata i, u, r au k. Hiyo haiwezi kutokea mwanzoni mwa neno kwa urahisi, kwa sababu mwanzoni hakuna kitu kilichotangulia. Neno linaloanza na x, basi, linastahili kuulizwa limetoka wapi. Ni kama Mswahili anavyoitambua gh ya ghali au dh ya dhahabu na kujua mara moja kwamba njia ilipita Arabuni.

Ukopaji huu unatoa pia tarehe ya kadiri, jambo ambalo maneno ya urithi hayatoi. Kwa kuwa ai ya *hlaibaz imegeuka ě sawasawa na ai za kienyeji, neno liliingia kabla mabadiliko hayo hayajatokea. Sisi tunafanya hesabu kama hii bila kujua: anayesema shule amebeba neno la Wajerumani, anayesema skuli amebeba la Waingereza, na umbo lenyewe linatoa ushahidi wa nani alifika na kitu hicho. Tena, *hlaibaz ilipoingia ilipangwa moja kwa moja kwenye kundi la mashina ya -o, kwa sababu mwisho wake ulifanana nalo, kama kitabu ya Kiarabu ilivyopangwa kwenye ngeli ya ki-vi kwa kuwa tu ilianza na ki-, tukapata vitabu ambavyo Mwarabu hakuvijua.

Ukitaka kuuona ukopaji huo kwa macho, soma Sala ya Bwana. Kigothi cha Wulfila kinaomba hlaif unsarana, "mkate wetu", na Kislavoni cha Kanisa cha Kale, lugha ya maandishi iliyoanza na Cyril na Methodius, kinaomba xlěbъ našь, "mkate wetu", mahali palepale, karne kama tano baadaye. Mkatoliki anayesema "utupe leo mkate wetu wa kila siku" yupo kwenye mstari huohuo.

Kasoro ya mkate kama nomino ya kuanzia ni kwamba ukiumaliza, unadhani umemaliza. Miisho yake ni laini, ya kawaida, na haikuonyeshi kwa nini lugha za leo ziko jinsi zilivyo. Utafungua sarufi ya Kipolandi, utaona mkate kwa umbo la mpokeaji ni chlebowi, na hutajua hiyo -owi imetoka wapi. Kwenye safu ya tatu ya jedwali letu haipo. Iko kwenye safu ya pili.

Na hapo ndipo namleta mwana.

*synъ imetokana na mzizi wenye maana ya kuzaa, kwa hiyo kwa asili mwana ni "aliyezaliwa". Kisanskriti kina sūnu-, Kigothi sunus, Kilithuania sūnus. Kiingereza kina ndugu wa nomino zetu zote tatu, wolf, son na loaf: mbili za kwanza kwa urithi wa pamoja, ya tatu kwa sababu Kijerumaniki ndicho kilichotoa. Angalia sasa miisho ya Kilithuania: vilkas, lakini sūnus. Moja -as, nyingine -us. Kigothi nacho kinazitenga, wulfs na sunus. Katika Kislavoni tofauti hiyo imefutika kwenye kiima na kwenye yambwa, pande zote mbili kumebaki ъ tupu. Mbwa mwitu na mwana, waliokuwa wa koo mbili, wakaanza kuvaa kanzu moja wakiwa wamesimama mlangoni, ingawa ndani ya nyumba kila mmoja alikuwa na nguo zake.

Nguo za mwana ni za ajabu kidogo. Shina lake lilikuwa na u, na u hiyo ilikuwa na sura mbili. Mbele ya konsonanti ilibaki irabu, ikawa ъ: *synъmь. Mbele ya irabu ilijitokeza kama -ev-, kisha e ikawa o, na kutoa -ov-: *synovi, *synove, *synovъ. Msemaji wa Kiswahili ana mfano wake mdomoni, tena katika neno lenye maana hiyohiyo. Mtu ni m-, zamani mu-, lakini mtoto ni mwana, kwa sababu mu- imekutana na -ana na u ikageuka w. Si kanuni ileile neno kwa neno, maana Waslavi walirithi e ndani yake, ila tabia ya u kugeuka inapoguswa na irabu ni moja.

Sasa hesabu. Nomino ambazo tuna hakika zilikuwa za kundi hili la mwana zinahesabika kwa vidole: *synъ, *domъ "nyumba", *medъ "asali", *volъ "ng'ombe dume aliyehasiwa", *vьrxъ "kilele", *polъ "nusu", na chache zinazobishaniwa. Kundi la mbwa mwitu na mkate lilikuwa na mamia kwa mamia. Ukimwuliza mtu yeyote kundi lipi litalimeza lingine, atasema kubwa litameza dogo. Na kweli lilimeza: leo Kirusi na Kipolandi vinasema syna kwa umbo la mmiliki, Kiserbia sina, na -a hiyo ni ya mbwa mwitu. Mwana alipoteza *synu yake.

Ila angalia alichokitoa. Kipolandi, umbo la mpokeaji: synowi, wilkowi, chlebowi. Zote tatu zimevaa -owi ya mwana, na nomino nyingi za kiume nazo zimevaa hivyo. Ni chache tu, kama bratu "kwa ndugu", panu "kwa bwana" na psu "kwa mbwa", zilizoshikilia -u ya zamani. Kiukraine: synovi, vovkovi. Kicheki: synovi, vlkovi. Mmiliki wa wingi katika Kirusi: volkov, xlebov, stolov "ya meza". Katika Kipolandi: synów, wilków, chlebów. Katika Kicheki: synů, vlků, chlebů, ambapo -ů ni -ov iliyonyooshwa. Wingi wa Kiserbia: sinovi, vukovi, hlebovi. Wingi wa Kibulgaria: sinove, hljabove. Mkate uliokopwa kwa Wajerumaniki unatembea Sofia na Beograd ukiwa na miisho ya mwana, wakati mbwa mwitu wa Kibulgaria, vǎlci, bado amegoma na kubaki na c yake ya kale.

Sababu iko kwenye jedwali, na hii ndiyo nukta inayonifanya nimchague mwana mbele ya wengine. Rudi kwenye safu ya mbwa mwitu na utafute *vьlkъ. Utaikuta mara tatu: kiima cha umoja, yambwa ya umoja, na mmiliki wa wingi. Umbo moja, kazi tatu. Mtu akisema *vьlkъ, msikilizaji anabaki kukisia kama ni mbwa mwitu anayefanya, anayefanyiwa, au kitu cha mbwa mwitu wengi. Kisha jeri za mwisho zikadondoka na utata ukabaki vilevile, volk tupu. Mwana ana *synovъ, umbo ambalo haliwezi kuchanganywa na lingine lolote. Wasemaji walichukua kilichokuwa wazi. Hakuna baraza lililoamua, ila karne kwa karne masikio yalichagua umbo lisilo na utata, na nomino sita au saba zikaivisha lugha nzima.

Hata k ya mbwa mwitu ilipata kimbilio kwa mwana. Kipolandi leo kinasema o wilku "kuhusu mbwa mwitu", hakisemi kitu chenye c. -u hiyo imetoka kwa *synu, na kwa kuwa si irabu ya mbele, k imepona. Mkate haukuhitaji kimbilio, kwa hiyo umebaki na ě yake: o chlebie. Na mwana mwenyewe, o synu, na ukimwita, synu! Maumbo hayo mawili amekuwa nayo tangu lugha mame, hajayaacha. Warusi wanaosema v lesu "msituni" na na mostu "darajani" wanatumia mwisho uleule wa mahali, ingawa msitu na daraja havikuwa vya kundi hilo.

Kuna jambo moja ambalo nomino zote tatu lazima ziwepo ili lionekane, na ndilo linalonizuia kumwambia mtu achague moja na kuzitupa mbili. Kwa kuwa kiima na yambwa zilifanana, sentensi ya "baba anampenda mwana" ilikuwa na hatari: mpangilio wa maneno ulikuwa huru, na maumbo hayakuonyesha nani anapenda na nani anapendwa. Dawa iliyopatikana ni kutumia umbo la mmiliki badala ya yambwa, kwanza kwa watu wa kiume, na wanyama walifuata baadaye. Vitu havikuguswa. Leo Mrusi anasema vižu syna, vižu volka, lakini vižu xleb. Mpolandi anasema widzę syna, widzę wilka, lakini widzę chleb. Zitafsiri sentensi hizo kwa Kiswahili cha kawaida: nimemwona mwana, nimemwona mbwa mwitu, nimeona mkate. Wenye uhai wanadai -m-, mkate haudai. Lugha mbili zisizo na undugu wowote, moja kwa kiambishi ndani ya kitenzi na nyingine kwa mwisho wa nomino, zimechora mstari mahali pamoja. Mara ya kwanza nilipoziweka sentensi hizi juu na chini kwenye ukurasa mmoja, sikuinuka kitini kwa muda.

Kwa hiyo nikushauri vipi? Kama hujawahi kugusa lugha yenye miisho ya namna hii, na ukiona jedwali moyo unadunda, chukua mkate. Jifunze *xlěbъ, *xlěba, *xlěbu kwa sauti, usiogope, na ufurahie safari yake kutoka kwa Wajerumaniki. Kama umesoma fonolojia ya Kiswahili chuoni na unajua kueleza pika ilivyotoa mpishi, mbwa mwitu atakufaa kuliko wote, kwa sababu utakuwa unaitambua kanuni badala ya kuikariri; ila uwe tayari kuulizwa habari za Novgorod. Wapenzi wa asili ya maneno ambao hawajali miisho watashiba kwa mkate, kisha kwa mbwa mwitu.

Lakini kama tayari unasoma Kirusi, Kipolandi, Kicheki au Kiserbia, na umechoka kuambiwa na vitabu kwamba "mwisho huu ni wa kipekee, ukariri", chukua mwana bila kusita. Atakueleza -ov ya mmiliki wa wingi, -owi ya Kipolandi, -ovi ya Kiserbia, -u ya msituni na -u ya kuita. Safu yake ni ngumu zaidi siku ya kwanza, na hilo sikufichi. Maumbo matatu ya umoja yanafanana, *synu kwa mmiliki, kwa wito na kwa mahali, na -ov- inaingia na kutoka kama mgeni asiyebisha hodi. Andika safu yake kwenye kadi, umbo la lugha mame juu, na chini yake umbo la lugha unayoisoma, la mwana na la nomino nyingine yoyote ya kiume. Popote utakapoona nomino hiyo nyingine imebeba o na v, piga mstari.

Ukishamweza mwana, usirudi kwenye mkate mara moja. Nenda kwa *medъ, asali, wa kundi lilelile, ndugu wa madhu ya Kisanskriti. Waslavi waliacha jina la kale la dubu, ambalo Wagiriki walilihifadhi kama arktos, na inaaminika wawindaji waliogopa kulitamka. Wakamwita *medvědь, yaani mla asali. Hiyo v iliyo katikati, inayosikika hadi leo katika medved' ya Kirusi, ni u ya shina la asali iliyokutana na irabu ya neno la kula, v ileile uliyoipigia mstari kwenye kadi ya mwana.